Tulimwosha Kabla Hawajaja

Industrial Area, Doha
Ijumaa, baada ya ibada

Dada Mghoi,

Pokea salamu za mdogo wako, na kabla sijasema lolote nakuuliza: unalala? Unakula? Juzi kwenye simu sauti yako ilikuwa ya mtu anayehojiwa, ndiyo, hapana, sawa, nikajua huyu si dada yangu ninayemjua. Wakesho amerudi shule? Na mdogo wake, bado anaikimbilia simu kila ikilia akidhani ni babake? Magoti ya Mama yanaendeleaje? Mimi mwili ni mzima. Zaidi ya mwili sisemi kitu sasa hivi, utajionea mwenyewe ukiendelea kusoma.

Barua hii anakuletea Anjelina, yule dada wa Mwatate anayefanya usafi hotelini, anayekaa Al Mansoura na wenzake. Anakuja likizo. Nimemwambia akukabidhi mkononi mwako, si kwa Mwamburi, si kwa mama mkwe wako, hata kwa Baba asimpe. Najua utashangaa kwa nini nakuandikia kama watu wa zamani na simu ninayo. Simu nimejaribu. Nimerekodi sauti mara nne na kuifuta mara nne. Kwenye simu mimi husema maneno matamu, na maneno matamu ndiyo yaliyokufikisha hapo ulipo. Tena karatasi ina faida yake, wazee wa upande wa mumeo hawataweza kusema mtandao ulikatika.

Uniwie radhi kwa mwandiko. Ulinichapa rula miaka mingapi kwa ajili ya mwandiko huu, na unaona haikusaidia.

Habari za kikao kinachokuja, cha Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ninazo. Mama ameniambia yote, hata yale uliyomkataza. Kwamba Mwamburi, kaka mkubwa wa marehemu shemeji, anatembea na karatasi za kifo mfukoni akimwonyesha kila anayekutana naye sokoni. Kwamba karatasi zinasema moyo ulisimama, kifo cha kawaida, na kwamba mumeo Mwadime alikutwa kitandani katika makazi ya wafanyakazi. Naye Mwamburi anauliza, mwanamume wa miaka thelathini na sita, mlinda lango wa timu ya kata, moyo wake usimame amelala, kwa ukawaida gani huo? Alikuwa amekula nini? Na jibu anajipa mwenyewe: alikunywa ule unga wa mlonge uliomtumia wewe. Sasa wanataka urudi kwa Baba na vitu vyako, na watoto wabaki kwao.

Dada, swali la Mwamburi ni swali la haki. Usimchukie kwa kuuliza. Nami ningekuwa yeye, na karatasi ile mkononi, ningeuliza hivyo hivyo. Ubaya uko kwenye karatasi, na mimi ni mmoja wa walioiandika, ingawa kalamu sikuishika.

Acha nikueleze tangu asubuhi yake.

Unajua mimi na shemeji tulikuwa chumba kimoja, yeye kitanda cha chini kwa urefu ule wake, mimi cha juu. Chumbani mna pia Juma wa Likoni na Okello kutoka Uganda, wote walinzi wa kampuni ile ile. Zamu yetu sote wanne ilikuwa saa kumi alfajiri hadi saa kumi alasiri. Kabla ya basi kuja, Mwadime alichemsha maji, akakoroga mlonge wako, akatugawia. Hilo nataka ulishike vizuri. Tulikunywa wanne kutoka kopo moja, asubuhi ile na asubuhi zote kabla yake. Na baada ya yeye kufa mimi nimeendelea kuunywa mpaka kijiko kikagonga kitako cha kopo, kwa sababu ulikuwa umetoka kwako na sikuweza kuutupa. Niko hapa nakuandikia.

Lango lake lilikuwa la uwanja wa kuhifadhia mabomba, njia ya kwenda Al Wakrah. Kuna kibanda cha bati na kioo, na ndani ya kibanda kiyoyozi kilichokufa. Siku ile ilikuwa ya tisa tangu kife. Kila jioni alikuwa akimwambia msimamizi, na msimamizi akisema fundi yuko njiani. Bila kiyoyozi kibanda kile hakikaliki, afadhali nje. Basi alikuwa akisimama nje, na lori likija akasogea kwenye kivuli chake, likiondoka kivuli nacho kimeondoka. Ulikuwa mwezi wa Agosti. Sitakueleza Agosti ya huku, maana ninyi wa milimani mkisikia joto mnafikiria Voi.

Basi lilipofika kumchukua mimi nilikuwa tayari ndani. Nikamwona anakuja ameshika ukuta. Akaketi kando yangu, kofia hakuivua. Sote mle tulikuwa tumelowa jasho hadi kwenye soksi, yeye alikuwa mkavu. Nilipomgusa shingo niliutoa mkono haraka. Nikampa maji, kikombe kikamponyoka. Halafu akaniita Baba, akaniuliza kama mbuzi wameshafungwa. Wenzetu wawili kiti cha mbele wakacheka, wakidhani ni mzaha wake, unajua alivyokuwa na mizaha. Akatapika. Hapo hakuna aliyecheka tena.

Nilimwambia dereva ageuze twende hospitali. Dereva hana ruhusa ya kugeuza, ikabidi ampigie msimamizi, na msimamizi akasema aletwe kambini apumzike kama wale wengine waliowahi kuzidiwa na joto. Ni kweli wengine walikuwa wameletwa kambini wakapumzika wakaamka. Kwa hiyo nikanyamaza. Ningeweza kupiga simu ya gari la wagonjwa mwenyewe, namba kila mtu anaijua, imebandikwa hata chooni. Sikupiga. Niliogopa kuonekana mtu wa fujo. Sijui nilikuwa nalinda nini.

Langoni pa kambi hakuweza kusimama. Okello akamshika mabega, mimi miguu, Juma akatangulia kufungua milango. Ngazi ni mbili tu, lakini zilikuwa ndefu. Tulipomlaza kitandani nilimbonyeza kifua kama tulivyofundishwa kwenye mafunzo ya walinzi, nikabonyeza mpaka Juma akanishika mikono. Lakini pumzi ilikuwa imeshakatika njiani, kwa hiyo hakufia kitandani. Alifia mikononi mwetu, kati ya basi na mlango wa chumba, akiwa na sare ya kazi na viatu miguuni.

Sasa nakuja kwenye tulilofanya.

Alikuwa amejichafua. Suruali, shati lenye nembo ya kampuni, yote. Na harufu ya matapishi. Mtu aliyekuwa akipiga pasi hata fulana. Juma alitutazama akasema, "Hatumwachi watu wamkute hivi. Tumsitiri kwanza." Hakuna aliyebisha. Juma kwao ndiye huitwa kuosha maiti wa msikitini, anajua mkono uanzie wapi. Mimi nilikuwa nikimimina maji, Okello ameshika kichwa. Sisi wawili Wakristo tulifuata alivyosema. Tulimwosha taratibu sana, dada, hata kucha. Tukamfumba macho, tukamfunga taya kwa leso yangu, tukamvisha lile shati jeupe alilokuwa akilivaa kwenda kanisani Ijumaa, maana huku ndiyo siku ya mapumziko, tukamnyoosha kitandani na kumfunika shuka hadi kifuani. Sare nikaiweka kwenye ndoo na sabuni ya unga, nikaifua, nikaianika kwenye kamba nje ya dirisha. Baada ya hayo yote ndipo tukapiga simu.

Nyumbani mtu akifanya hivyo husifiwa. Hakuna kati yetu watatu aliyefikiri hata mara moja kwamba tunafanya kosa.

Wakaja watu wa gari la wagonjwa, kisha polisi. Hawakuwa watu wabaya. Afisa alivua kofia mlangoni. Lakini walichokiona ni mtu safi, amelala, shati jeupe, chumba kimepigwa deki. Akauliza kwa mkalimani alikuwa wapi alipofariki. Nikasema hapa, kitandani, alikuwa amelala. Alikuwa na ugonjwa? Nikasema hapana. Amekula nini leo? Nikasema chai, na unga wa mlonge uliotoka nyumbani. Wakaandika kila nililosema. Huko mbele hakuna aliyempasua kumchunguza, kwa sababu hakukuwa na la kutilia shaka. Na sare ilikuwa inachuruzika maji pale pale nje ya dirisha, hatua tatu kutoka alipokuwa amesimama afisa.

Kwa nini nilisema vile? Aibu ilikuwepo, sikutaka mgeni asikie kwamba shemeji yangu alijichafua. Woga ulikuwepo, maana tulikuwa tumeshamgusa na kumvua, na ghafla nikajiuliza kama hiyo ni hatia. Na kampuni nayo, msimamizi alikuwa amesimama kwenye korido akinitazama. Lakini kuna lingine, na hili Baba atanisamehe.

Unakumbuka Baba alipokuwa naibu wa chifu, watu walivyokuwa wakija kuchukua kibali cha mazishi. Anakaa mezani, anauliza nini kilimuua, wanainamisha vichwa, naye anaandika homa. Mzee aliyejinyonga jikoni kwake, Baba aliandika homa ya ghafla, ili azikwe boma lake kama wengine. Tuliambiwa huo ndio utu, nami nikaamini. Nilikua nikijua kwamba karatasi ya kifo ni blanketi, kazi yake ni kufunika. Lakini pia unamkumbuka mama Mshai. Mumewe alivyokuwa akimpiga kila mtu alijua, na siku mama huyo alipokufa Baba aliandika malaria. Dada yake yule marehemu alikuwa akija kwetu kila mwaka, anasimama uani, anauliza tu kama kitabu kile kinaweza kufunguliwa tena. Na Baba anamtuma Mama aseme hayupo, na sisi tunamwona yuko nyuma ya mlango. Wewe ndiye uliyenikataza nisicheke. Mimi nilikuwa nikicheka.

Simpigi Baba jiwe. Naandika kwa sababu siku ile mbele ya afisa nilifanya alichokuwa akifanya yeye, na nilikifanya bila hata kuulizwa mara mbili.

Kisha nikampigia Mwamburi. Alikuwa akilia, nami nilitaka anyamaze. Nikamwambia mdogo wake ameondoka vizuri, alikunywa mlonge wa mkewe, akajilaza, hakuamka. Nilidhani namfariji. Nilimpa Mwamburi kitanda, nikampa na kikombe, halafu nashangaa kwamba ameviunganisha. Mama aliponieleza habari za kikao nilikaa kwenye ngazi za kambi nikashindwa kupanda juu.

Kesho yake nilimwambia Juma nakwenda kituo cha polisi kusema upya. Alivaa viatu bila kuuliza. Okello alikataa, akasema mkataba wake unaisha karibuni na ana watu wanaomtegemea, na sikumlaumu. Safari ya kwanza tuliambiwa turudi na mkalimani wa Kiswahili. Safari ya pili tulipofika kituo cha basi tulimkuta Okello amekaa pale, amechana nywele. "Mimi ndiye nilishika kichwa," akasema. "Sasa nyinyi mtasema aje bila mimi?"

Afisa alikuwa yule yule, na safari hii mkalimani alikuwepo. Alisikiliza yote: kibanda, kiyoyozi, basi, ngazi, ndoo. Akauliza kwa nini hatukusema siku ile, na kwa nini tulimwosha. Juma akamjibu kwa Kiarabu chake cha madrasa, sikuelewa yote, lakini afisa aliweka kalamu chini. Kisha akasema hata yeye angemwosha ndugu yake, ila angengoja aonekane kwanza. Akaandika. Tukatia sahihi watatu. Hakuniahidi kwamba cheti kitabadilika. Alisema wazi kwamba mtu ameshazikwa, sare imeshafuliwa, na kilichobaki ni maneno ya watu watatu ambao mwanzoni walisema mengine. Nakala ya maelezo yetu imo ndani ya bahasha hii, na tafsiri yake.

Kampuni imeshasikia. Mimi nimeondolewa kazini, nakaa chumbani nikisubiri tiketi, wenzangu bado wako langoni kwa sasa. Usiniombolezee kwa hilo, mimi ningerudi tu siku moja. Naandika ili ujue kwamba sikusema haya nikiwa mahali salama. Mwamburi akisema namtetea dada yangu kwa kuwa hainigharimu kitu, mwambie imenigharimu kazi.

Yafuatayo yasome mbele ya wote siku ya kikao, kwa sauti, wewe mwenyewe. Usimpe mtu mwingine akusomee.

Mimi, ndugu wa Mghoi, nasema mbele ya wazee wa pande zote mbili. Mwadime hakufa kwa kula wala kwa kunywa. Alifanya kazi juani, siku ya tisa bila kiyoyozi, na joto likamuua. Alianza kufa kazini, akaendelea kufa ndani ya basi nikiwa kando yake, akakata roho mikononi mwetu kabla hajafika kitandani. Mlonge tulikunywa wanne, watatu tuko hai. Kwenye kitanda mnachokisoma katika karatasi tulimweka sisi. Maneno yaliyoandikwa niliyasema mimi. Mke wake hana lake katika kifo hiki. Mwenye hasira aje kwangu, nikirudi nitafika kwenu kabla sijafika kwetu.

Nisalimie Mama, mwambie asiache kunieleza habari kwa kunionea huruma. Nisalimie Baba, na umwombe akae kikao chote, mbele, asitoke kabla barua haijasomwa mpaka mwisho. Shangazi yetu wa Mgange aliyekaa na wewe matanga yote, mwambie nimesikia na ninashukuru. Mama mkwe wako msalimie kwa heshima zote, amezika mwana, na mimi ndiye niliyemnyima kujua mwanawe alikufaje. Mwamburi naye msalimie, kwa jina. Wakesho mwambie mjomba anakuja, na mdogo wake mpakate kwa niaba yangu.

Ukurasa huu wa mwisho ni wako peke yako. Wao usiwasomee.

Siku ya simu ya kwanza uliniuliza kitu kimoja tu, kama aliumia. Nikakwambia hapana. Aliumia, dada. Njia nzima ya basi aliumia, alikuwa akitetemeka na kushika tumbo, na mimi nilikuwa nimemkumbatia nisijue la kufanya. Nimejaribu kutafuta namna nyepesi ya kukuandikia hili na sikuipata.

Basi liliposimama langoni fahamu zilimrudia kidogo. Alinitazama, akanitambua, akaniita kwa jina langu. Akasema, "Usimwambie Mghoi." Hakusema neno lingine baada ya hapo. Nimemtii miezi miwili, na leo nimemwasi.

Ni mimi ndugu yako,
Mwakio